Pikipiki ikikataa mlima, usikimbilie kununua pleti za klachi

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MWENDESHA bodaboda anayetoka Bukoba mjini kwenda Kamachumu akiwa na abiria na mkungu wa ndizi nyuma yake huihisi hitilafu hii kabla hajaijua jina. Kwenye tambarare pikipiki huenda vizuri. Inapoanza kupanda, injini hunguruma kuliko kawaida, ilhali gurudumu la nyuma halifuati kelele hizo. Akiongeza mafuta, sauti hupanda na mwendo hubaki palepale, au hupungua. Wakati mwingine harufu ya kitu kinachoungua hufuka kutoka kwenye injini, na abiria huombwa ashuke amalizie mlima kwa miguu.

Hiyo ndiyo klachi inayoteleza. Kwa pikipiki iliyotumika miaka mingi ni maradhi ya kawaida, lakini katika wilaya za Bukoba na Muleba, ambako safari nyingi huanza karibu na usawa wa Ziwa Victoria na kuishia juu ya vilima, gharama yake ni kubwa. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu mwingine hudaiwa hesabu jioni, iwe pikipiki ilivuta au haikuvuta. Aliye katika mkataba hujikuta akilipia chombo ambacho kinazeeka mikononi mwake kabla hakijawa chake. Mgonjwa anayewahishwa usiku katika hospitali ya Rubya au Ndolage naye hawezi kungoja fundi aamke.

Pamoja na hayo, tiba inayotolewa mara nyingi ni moja tu. Mwenye pikipiki hufika gereji na kusema kwamba chombo chake hakivuti, fundi hutamka kwamba pleti zimekwisha, na kabla ya saa moja kupita injini imefunguliwa. Pengine pleti zimekwisha kweli. Lakini zipo sababu nyingine za klachi kuteleza ambazo huondolewa kwa spana mbili na dakika kumi, bila kufungua injini wala kununua kitu chochote.

Inavyofanya kazi

Klachi ya pikipiki za kawaida hapa nchini imefichwa ndani ya injini, nyuma ya mfuniko mkubwa wa upande wa kulia, nayo huogelea katika oili. Ndani yake kuna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana kama sahani: moja yenye utando wa msuguano, inayofuata ya chuma kitupu, kisha yenye utando tena. Zenye utando hushikwa na bakuli la nje linalozungushwa na krenki. Za chuma hushikwa na kitovu cha kati kinachopeleka nguvu kwenye gia. Springi, ambazo aghalabu ni nne, huzibana zote pamoja ili zizunguke kama kitu kimoja.

Mwendeshaji anapobana mkono wa klachi, waya huvuta kifaa kinachozikandamiza springi, pleti huachana, na gia inaweza kubadilishwa. Anapouachia, springi huzibana upya. Kila kinachopunguza nguvu ya kubana au kulainisha msuguano kupita kiasi huleta kuteleza, na hapo ndipo uchunguzi unapopaswa kuanzia.

Injini nyingi zinazopatikana katika pikipiki za Kichina za cc 125 zimenakiliwa kutoka CG125 ya Honda, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Kampuni hiyo iliiunda ikizingatia nchi zinazoendelea, ambako ilibaini kwamba pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na hupata matengenezo kwa nadra. Ndiyo maana injini hiyo huvumilia mengi. Uvumilivu huo una ubaya wake pia, kwani mwenye pikipiki huzoea kuamini kwamba kelele yoyote inaweza kungoja hadi mwisho wa mwezi.

Pikipiki kongwe zaidi, kama vile Yamaha AG100 na DT125 ambazo mabwana shamba na watumishi wa miradi walizitumia kufika vijijini, huchanganya oili na petroli kwa ajili ya pistoni. Klachi zake huoga katika oili ya gia iliyo peke yake. Anayemiliki moja ya hizo asidanganyike kwamba kwa kuwa huongeza oili kila ajazapo tangi, basi klachi nayo imepata oili mpya.

Kabla ya kufungua

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ugonjwa ni wa klachi. Pikipiki inayokosa nguvu kwa sababu ringi za pistoni zimelika haipandishi sauti. Huzubaa, na mara nyingi hutoa moshi wa buluu. Breki ya nyuma iliyobana nayo huizuia pikipiki, lakini gurudumu likiinuliwa huzunguka kwa shida, na baada ya safari ngoma yake huwa ya moto. Cheni iliyolegea juu ya meno yaliyochongoka huruka kwa mshtuko na mlio wa chuma. Klachi inayoteleza haina mshtuko. Sauti ya injini hupanda taratibu, kana kwamba mtu ameweka gia huru ukiwa safarini.

Dalili hujitokeza kwanza katika gia kubwa, pale injini inapobebeshwa mzigo wote kwa muda mrefu. Hivyo basi, kipimo rahisi ni kutafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, kuendesha katika gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kisha kuongeza mafuta kwa ghafla. Mwendo na sauti vikipanda pamoja, klachi ni nzima. Sauti ikitangulia na mwendo ukifuata kwa uvivu, inateleza. Wapo mafundi wanaoegemeza gurudumu la mbele ukutani, wakaingiza gia ya tatu na kuachia klachi polepole huku wakiongeza mafuta kidogo. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kuzunguka, jibu limepatikana, na zoezi lisirudiwe, kwa maana kila sekunde ya namna hiyo huunguza pleti.

Baada ya hapo utazamwe waya. Mkono wa klachi unapaswa kuwa na nafasi ya kucheza kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni milimita 10 hadi 20 ukipimia kwenye ncha ya mkono. Mkono ukiwa umekaza tangu mwanzo, maana yake ni kwamba klachi inabanwa kidogo muda wote, hata kama mwendeshaji hajaigusa. Kadiri utando wa pleti unavyolika ndivyo nafasi hiyo inavyojipunguza yenyewe, kwa hiyo pikipiki ambayo haijarekebishwa waya kwa miezi mingi inaweza kuteleza ilhali pleti zake bado zina uhai. Nati za kurekebisha ziko sehemu mbili, moja karibu na usukani na nyingine chini karibu na injini. Waya wenyewe ulainishwe kwa oili, na ukiwa umeanza kukatika nyuzi ubadilishwe, kwani huweza kukwama nusu njia na usirudi.

Hapa liko kosa linalojirudia. Klachi ikiwa haiachi sawasawa, gia hugoma kuingia na pikipiki hutambaa hata mkono ukiwa umebanwa. Mwendeshaji huamua kukaza waya, na kwa siku chache hupata nafuu. Huo ni ugonjwa ulio kinyume cha kuteleza, na mara nyingi chanzo chake ni makovu kwenye kingo za bakuli la nje, ambamo masikio ya pleti hunasa. Kwa kukaza waya kupita kiasi ameongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Oili ya gari

Jambo la pili la kuuliza ni oili gani imewekwa, na lini. Oili nyingi za magari ya kisasa huongezewa viambata vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Katika gari hilo halina madhara, kwa sababu klachi yake haiguswi na oili ya injini. Katika pikipiki oili hiyohiyo hulainisha injini, gia na klachi, na kiambata kinachopunguza msuguano hakibagui. Ili kuondoa utata huo, mwishoni mwa miaka ya 1990 Wajapani waliweka kiwango cha oili za pikipiki kijulikanacho kama JASO. Kopo lenye herufi MA au MA2 linafaa kwa klachi inayooga katika oili. Lenye herufi MB limekusudiwa vyombo visivyo na klachi ya namna hiyo, hasa skuta.

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo hilo kwa gharama. Pikipiki yake ya zamani ya cc 125 ilipoanza kuteleza alibadilishiwa pleti, na baada ya wiki mbili hali ikarudi ileile. Fundi wa kwanza alilaumu pleti kuwa bandia. Fundi wa pili hakushika hata bisibisi. Aliuliza tu oili ilitoka wapi. Ilikuwa imebaki kwenye kopo la gari dogo la jamaa, na ilionekana dhambi kuiacha ikae bure. Iliponyeshewa oili ya pikipiki mara mbili mfululizo, klachi ilishika tena. Si kila pleti iliyolowa oili isiyofaa hupona, lakini kujaribu oili sahihi kwanza ni nafuu kuliko kufungua.

Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa na kuuzwa katika chupa ya maji haina herufi zozote za kusoma, na bei yake ndogo haielezi chochote kuhusu kilichomo.

Injini inapofunguliwa

Ikiwa waya una nafasi yake, oili ni sahihi na klachi bado inateleza, hakuna njia nyingine. Kazi hii humchukua fundi mzoefu saa moja hadi mbili, na mwenye pikipiki mwenye subira na spana zinazofaa anaweza kuifanya mwenyewe.

Oili humwagwa ikiwa na uvuguvugu, ndani ya beseni. Isimwagwe mtaroni: mvua za Bukoba ni nyingi, na kinachomwagwa mjini huishia Mto Kanoni na kutoka hapo ziwani. Oili hiyo ichunguzwe. Ikiwa nyeusi tii na yenye vumbi laini kama masizi, utando wa pleti umekuwa ukisagika humo. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni habari nyingine, mbaya zaidi.

Hufuata kufungua kiki, na katika baadhi ya pikipiki pedali ya breki au ekzosi, kisha waya wa klachi unachomolewa. Bolti za mfuniko wa kulia hazilingani urefu. Fundi makini huchora umbo la mfuniko kwenye boksi la karatasi, akatoboa matundu na kuchomeka kila bolti mahali pake, maana ndefu ikiingizwa penye fupi hupasua aluminiamu. Mfuniko ukigoma, hugongwa kwa nyundo ya mpira. Kuuchokonoa kwa bisibisi huacha kovu ambalo oili itavujia hadi pikipiki itakapouzwa.

Bolti za springi hulegezwa kidogokidogo kwa kukingamana, si moja hadi mwisho kisha nyingine. Katika injini za ukoo wa CG kitovu cha kati hushikiliwa na ringi ndogo au nati yenye meno, ambayo huhitaji koleo au spana ya aina yake. Patasi na nyundo hufanya kazi hiyo pia, lakini nati inayotoka kwa patasi hairudi ikiwa nzima. Pleti hutolewa na kupangwa mezani kwa utaratibu zilivyotoka, pamoja na upande uliotazama nje.

Hapa ndipo pesa ya mteja huokolewa au hupotea. Pleti mpya yenye utando katika pikipiki nyingi za cc 100 hadi 125 ina unene wa karibu milimita 3. Ikikaribia milimita 2.6 imemaliza kazi yake. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, hupimwa kwa kifaa. Kwa sababu hiyo mteja ana haki ya kuomba aone kipimo, na fundi asiye na kipimo aulizwe amejuaje. Utando unaong'aa kama kioo umeungua hata kama unene wake unatosha.

Pleti za chuma huwekwa moja moja juu ya kipande cha kioo kilicho sawa. Inayoyumba imejikunja kwa joto, na yenye madoa ya buluu imepata moto kupita kiasi. Mafundi wengi hubadilisha zile zenye utando peke yake na kurudisha chuma zilizopinda, jambo linaloziunguza mpya kabla ya msimu kuisha. Springi nazo hupimwa urefu na kulinganishwa na zilizotajwa katika kitabu cha pikipiki husika. Iliyofupika imechoka, na zikibadilishwa hubadilishwa zote. Kuongeza washa chini ya springi kuukuu ni ujanja unaojulikana katika kila gereji. Hubana kwa muda, hufanya mkono wa klachi uwe mgumu na hukata waya mapema.

Pleti mpya zichaguliwe dukani kwa kuzilinganisha na za zamani ana kwa ana: idadi ya meno, upana wa masikio na unene. Utando uliobanduka pembeni au usiolingana unene si wa kuchukuliwa hata kama boksi lina nembo maarufu. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini, lakini mnunuzi mwenye pleti ya zamani mkononi huona mengi kabla jambo halijafika huko.

Kabla ya kufungwa, pleti zenye utando hulowekwa katika oili safi, ikiwezekana usiku mzima. Zikifungwa kavu huungua katika dakika za mwanzo, zikamfanya mteja aamini kwamba ameuziwa takataka. Makovu ya kingo za bakuli yakiwa madogo husawazishwa kwa tupa laini. Yakiwa ya kina, bakuli limekwisha. Bolti za springi hukazwa kwa kukingamana na kwa nguvu ya kiasi, kwani nyuzi zake ni laini na mkono mzito huzing'oa. Gasketi iwe mpya. Oili irudishwe kwa kipimo cha kijiti, ambacho kwa injini hizi ni karibu lita moja, na waya urekebishwe upya kama ilivyoelezwa hapo juu. Baada ya siku mbili tatu za kazi nafasi ya mkono ipimwe tena, maana pleti mpya hukaa vizuri baada ya kuzoeana.

Mlima, mzigo na kidole

Kinachozimaliza pleti mapema katika vilima vya Muleba kinajulikana. Kwanza ni uzito. Kanuni za pikipiki zinazobeba abiria kwa malipo, ambazo usimamizi wake sasa uko chini ya LATRA, zinaruhusu abiria mmoja. Mtindo wa mishikaki, abiria wawili au watatu juu ya kiti kimoja, hukemewa kwa sababu ya ajali, na ni sawa. Lakini klachi hulipa kila siku, hata siku isiyo na ajali.

Pili ni tabia ya kuishikilia pikipiki isirudi nyuma mlimani kwa kuchezesha klachi na mafuta, huku abiria akitafuta chenji mfukoni. Breki ipo kwa kazi hiyo. Tatu ni kidole kinachopumzika juu ya mkono wa klachi safari nzima. Mwendeshaji hudhani haukandamizi, ilhali mikwaruzo ya barabara humfanya aukandamize mara kwa mara bila kujua.

Zipo hatari pia ambazo hazihesabiwi katika bei ya spea. Anayeamua kulipita lori njia panda ya Kemondo akitegemea nguvu ambayo klachi haitaipeleka kwenye gurudumu hujikuta sambamba na lori hilo kwa muda mrefu kuliko alivyokadiria, huku gari lingine likija mbele.

Iwapo klachi itaanza kuteleza ukiwa safarini, kati ya Muhutwe na Kamachumu kwa mfano, simama pembeni na uilegeze nati ya waya iliyo kwenye usukani hadi mkono ucheze waziwazi. Iache injini ipoe kwa nusu saa. Mzigo na abiria vihamishiwe kwenye pikipiki nyingine, kisha endelea kwa gia ndogo na mafuta kidogo, bila kubadilisha gia pasipo lazima. Gereji ya karibu ikiwa chini ya mlima, geuza urudi huko, hata kama nyumbani ni juu.